Muwasho Usiosikia Dawa ya Upele

Na katibu wa tawi, Jinja



Katika mabweni ya viwandani na kambi za mashamba, mtu akianza kujikuna mbele ya wenzake hupewa ugonjwa kabla ya kufika kwa daktari. Wa kwanza atasema ana upele kwa sababu haogi. Wa pili atanong'ona kwamba ni silimu. Wa tatu atasema amerogwa. Baada ya hapo kikombe chake kinatengwa, ndoo yake ya kuogea haiguswi, na nyapara anaanza kutafuta njia ya kumwondoa kazini. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya chama, sijasikia hata mmoja akimwuliza mgonjwa anakula nini.

Nataka kuandika juu ya ugonjwa wa ngozi ambao mzizi wake uko tumboni, na kinachouamsha ni ngano. Kwetu si ugonjwa wa kawaida. Nasema hivyo mapema, ili msomaji asije akaacha chapati yake kesho kwa sababu mbu wamemwuma usiku. Muwasho mwingi tunaouona makazini hutokana na upele wa kweli, au na majani ya miwa yanayochana mikono, saruji, dawa za kunyunyizia mimea, mafuta ya mitambo, sabuni kali, jasho na joto. Kwa wenzetu wanaoishi kando ya mito yenye kasi, upande wa Kongo hasa, upo pia ugonjwa wa usubi. Na wapo wanaowashwa kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Hao haki yao ni kupimwa na kutibiwa, si kusengenywa foleni ya chakula. Lakini ukiyaondoa hayo yote, mara moja moja hubaki mtu ambaye amepakwa kila dawa na bado anajikuna. Huyo ndiye ninayemwandikia, yeye na katibu wa tawi lake.

Madaktari huuita ugonjwa huu demataitisi hepetifomisi. Jina ni refu na linapotosha, maana huufananisha na hepesi, kumbe hauhusiani na hepesi hata kidogo. Hauna mdudu, hauna kirusi, hauambukizi kwa nguo, kwa kikombe wala kwa kitanda. Mtu aweza kulala na mwenye ugonjwa huu miaka thelathini asiupate.

Unavyokuja ni hivi. Kwanza ngozi huchoma, kama umeguswa na upupu. Kisha hutoka vipele vidogo vyenye maji, malengelenge yaliyojikusanya pamoja, yenye muwasho usiokuacha ulale. Kwa kuwa mgonjwa hujikuna mpaka yapasuke, daktari mara nyingi haoni lengelenge lolote. Huona makovu, magaga na madoa meusi tu. Pahali pake ni viwiko, magoti, makalio, kiuno kwa nyuma, mabega, na kichwani kwenye nywele. Tena huja pande zote mbili: kiwiko cha kulia kikitoka, cha kushoto nacho hutoka. Hutulia wiki kadhaa, mgonjwa akashukuru Mungu, kisha hurudi. Mara nyingi huanza ukubwani, kati ya miaka 30 na 50 hivi, ingawa hata mtoto au mzee anaweza kupata.

Upele wa kweli una tabia nyingine. Wenyewe hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, kwenye matiti na sehemu za siri, na huzidi usiku. Zaidi ya yote, upele hauishi na mtu mmoja. Bweni lenye upele hujikuna lote. Nyumba yenye upele, mama hujikuna na watoto hujikuna. Ukiona mtu amewashwa miaka mitatu na mkewe anayelala naye hajawashwa hata siku moja, hapo pana neno.

Neno hilo hilo ndilo lililomwokoa mwenzetu mmoja, fundi mitambo katika kiwanda ambacho sitakitaja. Ni mtu wa ukoo wa Kipunjabi, babu yake alikuja huku kwa kazi, na yeye amezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Alianza kujikuna viwiko na magoti. Zahanati ya kiwanda ikampa dawa nyeupe ya upele, ile ya kujipaka shingo hadi unyayo. Akapaka. Miezi miwili, akapewa tena. Akapewa mafuta ya kiberiti, akapewa sindano, akapewa krimu za bei kubwa za duka la dawa. Miaka minne ikapita hivyo. Wenzake walihama benchi lake la chakula. Alikuwa amekonda na damu yake ilikuwa imepungua, kwa hiyo jina la silimu lilimfuata mpaka getini, ingawa alikuwa amepima mara mbili na kuonyesha karatasi. Mwisho uongozi ukamwandikia barua akae nyumbani bila mshahara mpaka ngozi ipone.

Tawi lilipoingia, hatukuanza na ngozi. Tulianza na ile barua. Tuliuliza: ni daktari gani aliyeandika kwamba mtu huyu anaambukiza? Hapakuwa na daktari. Ilikuwa ni maneno ya msimamizi wa zamu. Basi tukadai kiwanda kimpeleke kwa daktari wa ngozi, na mshahara wa siku zile ulipwe. Daktari yule alimsikiliza nusu saa kabla ya kumvua shati. Alipoambiwa kwamba mke na watoto wanne hawajawahi kuwashwa, akaweka kalamu chini akauliza, "Kwa siku mnakula chapati ngapi?"

Hapo inafaa tuielewe ngano yenyewe. Mama wa mandazi anajua jambo hili kuliko wengi wetu. Unga wa ngano ukiukanda na maji, huvutika kama mpira. Unga wa mahindi ukiukanda hivyo hivyo hukatika. Kile kinachovutika ni aina ya protini iitwayo gluteni. Imo katika ngano, imo katika shayiri, na imo katika rai, nafaka ya nchi za baridi. Kwa watu wengi haina dhara lolote. Lakini wapo ambao askari wa mwili wao, wale wanaopigana na magonjwa, huiona gluteni kama adui. Wakipigana nayo huumiza utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe, mahali chakula kinapoingizwa katika damu. Ugonjwa huo wa utumbo huitwa siliaki. Wengine huharisha, hujaa gesi, hukonda, damu hupungua. Wengine utumbo huumia kimya kimya, na sehemu ya silaha za mapigano hayo, aina ya kingamwili iitwayo IgA, huenda kutua chini ya ngozi. Ndipo viwiko na magoti hulipuka. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na tumbo linaloonekana zima kabisa, na ngozi yake ndiyo inayopiga kelele kwa niaba ya tumbo.

Ilichukua muda mrefu kuyajua haya. Ugonjwa wa ngozi ulielezwa na daktari Louis Duhring wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1884. Aliuona vizuri, akaupa jina, lakini hakujua unatoka wapi. Jibu lilianza kuonekana Uholanzi wakati wa vita, na kwa njia inayotuhusu sisi watu wa vyama. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma, kwa mwito wa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London, ili treni zisiwasaidie Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi. Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kisisafirishwe kwenda miji ya magharibi. Baadaye katazo lililegezwa, lakini majira ya baridi yakawa makali, mifereji ikaganda, na njaa ikaua watu wapatao 20,000. Watu walikula hata vitunguu vya maua.

Katika mji wa The Hague alikuwapo daktari wa watoto, Willem Karel Dicke. Alikuwa na watoto wagonjwa wa siliaki, na tangu kabla ya vita alishaanza kuushuku mkate. Sasa mkate haukuwapo. Nchi nzima ilikuwa inakonda, na watoto wake wale walikuwa wakipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika kitabu cha uchunguzi wake na kuonyesha kwamba ngano ndiyo yenye lawama. Miaka 16 baadaye, mwaka 1966, madaktari watatu wa Uingereza, Marks, Shuster na Watson, walieleza kwamba wagonjwa wa ule muwasho wa Duhring nao wana utumbo ulioharibika kwa namna ile ile. Ngozi na tumbo vikaunganishwa. Tangu 1884 mpaka hapo ni miaka 82 watu walikuwa wakijikuna bila kuambiwa sababu.

Najua kuna atakayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Nchini Finland wamehesabu wagonjwa wa ngozi hii wapatao 75 katika kila watu 100,000. Ni kweli pia kwamba kwa watu weusi huonekana kwa nadra. Lakini siliaki yenyewe haichagui pasipoti. Ipo Punjab, ipo Sudan, ipo Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1999 ilitolewa taarifa ya kupimwa kwa watoto wa Kisahrawi, wale wakimbizi wa Sahara Magharibi walioko kambini Algeria, na karibu watoto 6 katika kila 100 walikuwa nayo. Idadi hiyo inapita ile ya Ulaya. Wale ni watu ambao chakula chao cha zamani kilikuwa maziwa ya ngamia na nyama, halafu wakaja kulishwa unga wa ngano. Na sisi je? Baba zetu hapa walikula matoke, muhogo, ulezi na viazi. Leo mfanyakazi wa kiwanda asubuhi hula mandazi, mchana kikomando, yaani chapati na maharagwe, na jioni rolexi ya barabarani. Ngano imeingia midomoni mwetu upesi kuliko ilivyoingia katika vichwa vya wauguzi wetu.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana watu hulikosea. Ukijishuku, USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA. Utasema mbona ni kinyume. Ni kwa sababu vipimo hutafuta alama za mapigano, na ukiacha ngano mapigano hutulia. Damu yako inaweza kuonekana safi na utumbo ukaanza kupona, nawe ukaambiwa huna kitu. Endelea kula kama kawaida mpaka daktari amalize. Kipimo kikubwa ni kukata kipande kidogo sana cha ngozi kwa ganzi. Hakikatwi kwenye lengelenge, hukatwa kwenye ngozi nzima iliyo pembeni yake, kisha hutazamwa kwa darubini ya namna ya pekee inayoonyesha zile kingamwili. Si kila hospitali ina chombo hicho. Kipande cha fundi wetu kilibidi kusafirishwa, na majibu yalichukua wiki kadhaa. Pia kuna kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za siliaki, ambacho husaidia, ila kikisema hapana hakimalizi mashaka.

Ugonjwa ukithibitika, matibabu ni mawili kwa pamoja. La kwanza ni vidonge vya dapsoni. Wazee watalikumbuka jina hilo, ni dawa ya ukoma. Msiogope, kupewa dapsoni si kuambiwa una ukoma. Dawa hiyo hutuliza muwasho kwa siku chache tu. Fundi alilala usiku mzima siku ya tatu, na mkewe alidhani amezimia. Lakini dapsoni ina meno. Baadhi yetu tumezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtu wa namna hiyo akimeza dapsoni, chembe zake nyekundu za damu hupasuka kwa wingi. Kwa hiyo hupimwa kwanza, na akianza dawa damu yake hutazamwa mara kwa mara. Asije mtu akasoma ukurasa huu akaenda kununua dapsoni dukani kwa fungu, kama tunavyonunua vidonge vya kichwa. Anayemeza akaona mkojo mweusi, macho ya manjano, midomo ya rangi ya samawati au pumzi kuwa fupi, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

La pili ni chakula, na hilo ndilo tiba yenyewe, maana dapsoni hunyamazisha ngozi lakini haiponyi utumbo. Mgonjwa huacha ngano, shayiri na rai maisha yake yote. Ngozi huchukua miezi mingi kutii, pengine mwaka mmoja au miwili, na kadiri inavyotii daktari hupunguza vidonge mpaka viishe. Anayekata tamaa mwezi wa pili na kurudi kwenye mkate amejirudisha mwanzo.

Hapa sisi tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Wao hununua mikate ya pekee kwa bei ya kutisha. Sisi posho ya mahindi haina gluteni. Matoke hayana, wali hauna, muhogo, viazi vitamu, mbaazi, maharagwe, karanga, samaki, nyama, mboga, matunda, vyote ni halali. Ulezi, mtama na uwele ni halali. Mke wa fundi alirudia mkate wa mahindi ambao bibi zao Punjab waliupika tangu zamani, na sasa watoto ndio wanaougombania. Wapenzi wa pombe wataniuliza, nami nitawajibu: bia ya shayiri mwiko, bali malwa ya ulezi haina shayiri. Nani alisema mambo ya kienyeji hayana faida?

Taabu ni mchanganyiko. Chembe kidogo tu za ngano hutosha kuamsha ngozi. Muhogo ukisagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano, hauko safi tena. Kaimati za mtama zikikaangwa katika mafuta ya mandazi, ni yale yale. Unga wa uji wa kununua wakati mwingine huchanganywa na ngano, basi soma mfuko au saga mwenyewe. Kwenye jiko la kiwanda, mwiko uliokoroga makaroni usiingizwe katika sufuria ya mgonjwa.

Wenzetu wa viwanda vya unga na wa mikate wameniuliza kama vumbi la ngano ndilo linaloleta ugonjwa huu kwa kugusa ngozi. Hapana; gluteni huleta madhara haya ikimezwa. Lakini anayefanya kazi ndani ya wingu la unga humeza vumbi lile bila kutaka, kwa hiyo mwenye ugonjwa huu hafai kuachwa kwenye mashine ya kusaga au ya kujaza magunia. Pia msichanganye na mambo mengine mawili ya kazi hiyo: kuna pumu ya waokaji, inayobana kifua kwa kuvuta unga, na kuna mikono inayopasuka na kuwasha kwa kushika unga na maji kutwa. Hayo ni magonjwa ya kazi hasa, na dai lake kwa mwajiri ni jingine.

Kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto, kaka na dada, hatari yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, maana tabia hii ya mwili hurithiwa. Mtoto wa pili wa fundi, aliyekuwa hakui vizuri, alipimwa na kukutwa na siliaki bila kipele hata kimoja.

Nikija kwenye upande wa kazi, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyemaliza mwezi mmoja kazini mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa kutokuwepo kwa ugonjwa, mradi amtaarifu mwajiri na awe na cheti cha daktari kikitakiwa. Kumweka mtu nyumbani bila mshahara kwa neno la nyapara hakumo katika sheria hiyo. Wasomaji wa nchi nyingine waulize matawi yao sheria ya kwao inasemaje, maana hazifanani.

Katika kiwanda kile tulimaliza kwa makubaliano ya karatasi moja. Fundi alirudi kwenye benchi lake na mishahara yake ikalipwa. Siku za chapati jikoni hupikwa posho kidogo katika sufuria yenye alama nyekundu, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye cheti. Mpishi alinung'unika wiki moja, kisha akazoea. Tulichojifunza ni kwamba cheti hakihitaji kutaja jina la ugonjwa, na mwajiri hana haja ya kulijua. Daktari aandike maneno mawili tu: kwamba hali hii haiambukizi, na kwamba mfanyakazi huyu amekatazwa chakula cha ngano na shayiri. Anayetaka kuona mfano wa barua hiyo aje ofisi ya tawi, tunayo nakala.